Ndiye, Siye

Tarehe 28 Februari 2014, jijini Tokyo, Mark Karpelès alisimama mbele ya waandishi wa habari akainamisha kichwa, kama wakuu wa kampuni za Kijapani wanavyofanya wakiomba radhi. Yeye ni Mfaransa. Kampuni yake, Mt. Gox, ilikuwa imewahi kuwa soko kubwa kuliko yote duniani la kununulia na kuuzia bitcoin. Siku hiyo iliomba kinga ya kufilisika mahakamani, na wateja wakaambiwa kwamba bitcoin zipatazo 850,000 hazionekani: 750,000 zao, 100,000 za kampuni yenyewe. Kwa bei ya wakati ule zilikaribia nusu bilioni ya dola za Marekani.

Wiki tatu baadaye kampuni ikatangaza kwamba imezikuta bitcoin 200,000 kwenye pochi ya kidijitali ya zamani. Jiweke kwenye nafasi ya mteja. Umemwachia mtu akiba yako, anakwambia imepotea, halafu anarudi kusema robo yake ameikuta kwenye mfuko wa koti alilokuwa haligusi. Ungemfikiria nini?

Wengi walimfikiria vilevile: mwizi ni huyu. Na sababu hawakuzikosa. Bitcoin haina noti wala sarafu ya kushika mkononi. Kuna leja moja ya umma inayoonyesha kila muamala, na kuna funguo za siri. Mwenye ufunguo ndiye mwenye pesa. Ukiziacha bitcoin zako sokoni, unamkabidhi mwenye soko ufunguo wako, naye anakuonyesha tarakimu kwenye skrini. Kiswahili kina neno la jambo hili, nalo ni amana. Aliyeshika amana akisema haipo, macho yote humgeukia yeye, na si dhambi kumgeukia. Tena mwanzoni kampuni ilikuwa imelaumu udhaifu wa mfumo wa bitcoin wenyewe, maelezo ambayo wajuzi wengi hawakuridhika nayo.

Nilikutana na kisa hiki nikiandaa wasilisho la darasani, zaidi ya miaka 10 baada ya tukio. Nilitaka mfano wa haraka kuhusu uaminifu na teknolojia. Nikajikuta nakisoma usiku kucha kwa sababu ambayo haihusiani na wasilisho, na nitaieleza.

Mijadala juu ya nani aliiba iliwaka kwa miaka. Wapo waliosema ni Karpelès. Wapo waliosema ni mtu wa ndani mwingine, wapo waliosema ni wadukuzi. Machi 2014 watu waliivamia blogu ya Karpelès, wakaweka hapo faili kubwa wakidai ni siri za kampuni, ushahidi kwamba bitcoin bado anazo. Waliokuwa wakimwinda mwizi wakalipakua faili kwa pupa. Wataalamu wa usalama wa kompyuta walipolichunguza, wakakuta ndani yake programu iliyotengenezwa kuiba bitcoin za yeyote atakayeifungua. Mtu aliyeibiwa mara ya kwanza kwa kuamini kupita kiasi, safari hii alikuwa hatarini kuibiwa kwa kushuku kupita kiasi.

Lakini walikuwepo waliotafuta kwa njia nyingine. Kim Nilsson, raia wa Sweden, mtaalamu wa programu aliyeishi Tokyo, naye alikuwa mteja wa Mt. Gox. Hakuanza na sura ya mtu. Alianza na leja ileile ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifungua, akafuata njia ya pesa muamala kwa muamala. Aprili 2015 yeye na wenzake wa kundi la WizSec wakachapisha walichokiona: sehemu kubwa ya bitcoin zilizopotea zilikuwa zikichotwa tangu mwaka 2011 kutoka kwenye pochi iliyounganishwa na intaneti. Siku Karpelès alipoinamisha kichwa, wizi ulikuwa na umri wa zaidi ya miaka miwili. Wateja walikuwa wakiendelea kumimina maji kwenye mtungi uliotoboka, na mwenye mtungi ama hakuona tobo, ama hakutazama.

Agosti 2015 polisi wa Japani walimkamata Karpelès. Alikaa rumande karibu mwaka mzima. Waendesha mashtaka waliiomba mahakama imfunge miaka 10. Machi 2019 Mahakama ya Wilaya ya Tokyo ilitoa hukumu ya sehemu mbili. Kwa shtaka la kujimilikisha fedha za wateja, hana hatia. Kwa shtaka la kuchezea kumbukumbu za kompyuta ili akiba ya kampuni ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa, ana hatia. Alipewa kifungo cha miaka miwili na nusu, kikasimamishwa kwa miaka minne, maana yake hatakitumikia asipotenda kosa jingine. Na shtaka lile la fedha lilihusu pesa za kawaida zilizokuwa kwenye akaunti za benki. Hakuwahi kushtakiwa kwamba yeye ndiye aliyeziiba bitcoin 850,000.

Juni 2023, Wizara ya Sheria ya Marekani ikaweka hadharani mashtaka dhidi ya raia wawili wa Urusi, ikidai kwamba wao na wenzao waliingia kwenye seva ya Mt. Gox kuanzia Septemba 2011 na kuondoka na bitcoin zipatazo 647,000. Majina yao yapo hadharani. Siyaandiki hapa, kwa kuwa hayo bado ni madai, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini nimekuwa mwoga na jambo hilo.

Wahenga walisema: umdhaniaye ndiye, siye. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni na siku zote niliuona umekamilika. Kuna ndiye, kuna siye, na busara ni kutokuwachanganya. Kisa cha Tokyo kimenionyesha kwamba unamwacha mtu mmoja nje. Karpelès si ndiye, kwa mujibu wa mahakama. Lakini ni vigumu kusema siye na kumaliza sentensi hapo, kama vile alikuwa mpita njia. Alidanganya kwenye hesabu. Alipokea amana za watu kwenye chombo asichokilinda. Tunamwitaje mtu huyu? Na waliomwita mwizi kwa miaka mitano, wana deni lolote kwake?

Jibu rahisi ni kwamba hawana. Angekuwa msafi, wangemwomba radhi. Lakini si alidanganya? Nalijua jibu hilo vizuri kwa sababu nimewahi kujificha ndani yake.

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, mwenzetu alifiwa na mama. Darasa likafungua orodha ya rambirambi kwenye kundi letu la WhatsApp: jina, ahadi, na alama ya tiki kwa aliyekwisha kutoa. Mweka hazina alikuwa kijana mpole tuliyemchagua kwa sababu alikuwa hasahau kitu. Orodha ya mwisho ilisomeka shilingi 1,150,000. Wawakilishi walipofika kituo cha mabasi alfajiri kwenda msibani, bahasha waliyokabidhiwa ilikuwa na 790,000. Walihesabu mara mbili. Zilipungua 360,000.

Kabla basi halijatoka mjini, kundi lilikuwa linawaka moto. Mtu akaweka picha ya mweka hazina akiwa na viatu vipya. Mwingine akakumbusha kwamba wiki iliyopita alikula chipsi kuku mara mbili. Mimi niliandika maneno manne: "Pesa ya msiba utaitapika." Yakapata alama za vicheko na dole gumba nyingi kuliko chochote nilichowahi kuandika pale.

Baada ya siku tatu alileta taarifa ya miamala ya simu yake, kurasa zote. Hakuna shilingi iliyokwenda pengine. Alichokuwa amefanya ni hiki: watu 18 waliahidi elfu ishirini ishirini na hawakutoa. Aliwakumbusha, wakasema kesho. Akaona aibu kwa familia ya mfiwa na kwa darasa, akawawekea tiki akitumaini kwamba wakijiona wamehesabiwa watatuma. Hawakutuma. Watu 18 mara 20,000 ni 360,000.

Ukimya ulikaa kama dakika kumi. Kisha mtu akaandika: "Lakini si alidanganya?" Nakumbuka nafuu niliyoisikia mwilini. Wote tukaipanda sentensi hiyo kama daladala ya mwisho. Hakuna aliyefuta alichoandika. Mweka hazina akajitoa kwenye kundi. Alirudishwa muhula uliofuata na kiongozi wa darasa kwa ajili ya matangazo ya mitihani, na hakuwahi kuandika neno tena.

Kuna jambo sijalisema. Mmoja wa wale 18 nilikuwa mimi. Niliahidi elfu ishirini, mkopo ukachelewa, na siku orodha ya mwisho ilipotoka niliiona tiki mbele ya jina langu. Nilidhani amekosea. Nikanyamaza, kwa kuwa kosa lilikuwa upande wangu wa faida. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoandika kwamba atazitapika, nilikuwa na ushahidi mkononi kwamba orodha ile ina tiki zisizo na pesa. Wenzangu 17 walikuwa nao pia. Kila mmoja alishika kipande kimoja cha ukweli, na nadhani kila mmoja alijiambia kwamba kipande chake ni cha bahati mbaya tu, hakielezi chochote.

Wateja wa Mt. Gox hawakuwa kama mimi. Wao walitoa pesa zao kweli, na hasira yao ilikuwa na haki kuliko yangu. Sitaki kuwafundisha upole watu waliopoteza akiba zao. Mtu mnyonge hana mahakama mfukoni. Mara nyingi kelele ndiyo silaha pekee aliyonayo, na wezi wakubwa wengi wangelala usingizi mzuri kama kila mtu angesubiri hukumu ndipo afungue mdomo. Lakini kelele zipo za namna mbili. Februari 2014, kabla Mt. Gox haijaanguka rasmi, mteja mmoja alisafiri kutoka London mpaka Tokyo akasimama kwenye baridi nje ya ofisi ya kampuni, na bango lake liliuliza pesa zetu ziko wapi. Swali lile linamtaka aliyeshika amana ajibu, na kila jibu lina nafasi ndani yake, hata jibu la uzembe, hata jibu la wizi. Picha ya viatu haiulizi kitu. Imeshahukumu, na inachosubiri ni watu wa kucheka.

Sheria inajua kutofautisha. Hakimu wa Tokyo aliweza kusema kwa wakati mmoja kwamba mtu huyu alifanya hili na hakufanya lile. Dhamiri zetu ndizo hupata shida. Tukimkuta mtu hana kosa kabisa, aibu hutulazimisha kuomba radhi. Tukimkuta na kosa dogo, tunalitumia kosa hilo kulipia lile kubwa tulilomsingizia, kana kwamba makosa ni sarafu zinazobadilishana. Aliyedanganya kwenye orodha anastahili kuambiwa ulidanganya. Hilo ni deni lake na alilipe. Halimwongezei deni la wizi, na wala halifuti deni la aliyemwita mwizi. Tena ni rahisi kumtendea haki asiye na doa. Anayetupima ni huyu wa katikati, kwa sababu kwake tuna kisingizio.

Nilipomaliza wasilisho langu nilimtafuta mweka hazina. Nilimwandikia ujumbe mrefu. Nilimwambia kwamba kuweka tiki zile halikuwa jambo sahihi, kwamba hakuiba, kwamba niliandika aliiba, na kwamba niliandika hivyo nikiwa sijatoa pesa yangu. Aliusoma mchana. Alijibu usiku.

"Nimekuelewa kaka. Nashukuru. Ila kule uliandika mbele ya watu wangapi?"

Kundi bado lipo. Siku hizi ni matangazo ya kazi, michango ya harusi na picha za watoto. Lina watu 61. Nilikaa siku mbili nikijiambia kwamba kufukua mambo ya zamani ni kumwaibisha yeye zaidi. Siku ya tatu nikamuuliza kama angependa nisiandike. Akasema, "Andika."

Niliandika saa mbili usiku, muda ambao wengi wanakuwa na simu mkononi. Nilitaja nilichokisema, nikataja tiki yangu na elfu ishirini yangu. Jina la mwingine yeyote kati ya wale 18 sikulitaja.

Aliyejibu wa kwanza hakuzungumzia wizi wala kusingizia. Aliuliza tu kama ile elfu ishirini niliitoa baadaye.

Nikaandika: hapana.