Lulu Iliyogeuka Jiwe

Lulu ya kisukuku mara nyingi haing'ai. Hukutwa ndani ya gamba la chaza aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita, ikiwa punje ya kijivu au ya kahawia, pengine ndogo kama mbegu ya mtama, na asiyeijua huitupa pamoja na kokoto. Mng'aro wa lulu hutoka kwenye lulumizi, yaani tabaka nyembamba mno za aragonaiti zilizoshikanishwa kwa protini. Aragonaiti ni aina ya chokaa isiyodumu: zama zikipita hugeuka kalsaiti, na protini huoza. Basi kile anachokitafuta sonara kwanza ndicho kinachotangulia kupotea. Hapo kazi ya mtaalamu wa visukuku inagusa falsafa: kitu kilichopoteza mng'aro, na huenda maada yake yote ya awali, kinaitwaje bado lulu?

Kujibu kwamba ni kwa sababu ya umbo lake hakutoshi. Mapangoni, maji ya chokaa yanayodondoka hufanyiza vijiwe vya mviringo vyenye tabaka kama kitunguu, na katika bahari za kina kifupi chembe za mchanga hubingirika zikivikwa chokaa kwa namna hiyohiyo. Huko Florida, Marekani, vitufe vidogo sana vilipatikana mwaka 2006 ndani ya makombe ya kale. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulihitimisha kuwa ni kioo kilichotokana na kishindo cha kimondo. Vilikuwa mviringo, na vilikuwa ndani ya kombe, lakini havikuwa lulu.

Kazi ya kitu nayo haisaidii hapa. Aristotle alifundisha kwamba mkono wa shaba ni mkono kwa jina tu, kwa kuwa haufanyi kazi ya mkono. Kipimo hicho kinafaa kwa mkono na jicho, lakini lulu haimfanyii chaza kazi kama kiungo chake. Huanza pale ngozi laini inayojenga gamba inapojeruhiwa au kuingiliwa na kimelea (habari kwamba huanza kwa punje ya mchanga imeenea kuliko inavyostahili), kisha seli humzunguka mvamizi kwa chokaa ileile ya gamba. Lulu ni kovu. Kovu hutambulikana kwa tukio lililolileta, na ndiyo maana swali la lulu ni lipi linakuwa swali la historia yake.

Aliyeliona hili mapema ni Niels Stensen, Mdenmarki anayejulikana zaidi kwa jina la Steno, aliyekuwa mtaalamu wa viungo vya mwili chini ya mtawala wa Toscana. Katika kitabu chake cha mwaka 1669 aliuliza jinsi ya kupata, ndani ya kitu kigumu chenyewe, ushahidi wa mahali na namna kilivyofanyika, na miongoni mwa mifano yake alitaja kombe lililopatikana Toscana likiwa bado na lulu iliyoganda juu yake. Wakati huo wasomi wengi, Martin Lister wa Uingereza akiwamo, walishikilia kuwa mawe yenye sura ya kombe hayakuwahi kuwa sehemu ya mnyama. Hoja ya Steno ni imara hadi leo: vitu viwili vikifanana si kwa uso wa nje tu bali hata kwa mpangilio wa ndani, basi vimefanana pia kwa namna ya kuzaliwa.

Kanuni hiyo ndiyo inayotumika maabara. Punje hukatwa kipande chembamba kinachopitisha mwanga, kikatazamwa kwa hadubini. Lulu za Inoceramus, kombe kubwa lililotoweka, ambazo zimepatikana katika miamba ya chokaa ya Kansas yenye zaidi ya miaka milioni 80, zina vijiti vya kalsaiti vinavyotoka kitovuni kwenda nje, kama gamba lenyewe lilivyojengwa kwa vijiti. Lulu iliyoganda kama lengelenge hutambulika kwa urahisi zaidi, kwani tabaka zake huungana na za gamba bila mshono.

Mara nyingine gamba na lulu huyeyuka vyote, na tope lililojaa ndani likageuka jiwe lenye kishimo pale lengelenge lilipokuwa. Kishimo hicho ni alama ya lulu, si lulu. Tofauti na punje iliyobadilishwa chembe kwa chembe huku muundo ukihifadhiwa, hapa hakuna kilichoendelea kuwapo. Mgumu zaidi ni mviringo uliookotwa peke yake, nje ya gamba, ambao fuwele mpya zimefuta muundo wote wa ndani. Huenda ulizaliwa ndani ya chaza kweli, na kama ndivyo, ulikuwa lulu hata kama hakuna atakayeweza kuthibitisha. Mtaalamu makini huuandika kwenye daftari kama mviringo wa kalsaiti.