Mahadhi ya Kuazima



Kila Idi inapokaribia, vijana wetu wa kaswida hurudia mabishano yale yale. Wimbo fulani wa Bongo Fleva umeenea mjini, unasikika kuanzia Biryogo hadi Kimironko. Kijana mwenye sauti anachukua mahadhi yake, anaondoa gitaa na ngoma, anatia maneno ya kumsifu Mtume (s.a.w.), kisha anauliza: ubaya uko wapi? Ala hakuna, na maneno ni mazuri. Mwenzake anasema haramu hata kabla ubeti wa kwanza haujaisha.

Suala la ala silirudii hapa. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wamezikataza, dufu wakaliruhusu kwa nafasi zake. Ibn Hazm alikuwa na rai nyingine. Vitabu vipo na masheikh wapo. Nauliza juu ya kile kinachobaki baada ya ala kuondolewa, yaani mahadhi yenyewe.

Swali hili si letu peke yetu. Mwaka 2010 kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yeshiva cha New York, The Maccabeats, kilichukua "Dynamite" wa Taio Cruz, wimbo wa kuchezwa klabu usiku, kikaugeuza kuwa wimbo wa sikukuu ya Hanukkah kwa sauti za midomo tu. Wayahudi wana sababu zao za kuimba bila ala. Wanaoshika dini hawapigi ala siku ya Sabato, na katika majuma yanayofuata Pasaka wengi wao hawausikilizi muziki wa ala, kwa ajili ya maombolezo. Kwa hiyo nyimbo za mdomo zimepata soko kubwa. Lakini baadhi ya marabi wamezipinga: mdomo ukiiga ngoma mpaka msikilizaji asiweze kutofautisha, hapo kimeepukwa nini? Nasi tunaosuka sauti kwenye kompyuta mpaka kaswida "isiyo na ala" isikike kama bendi nzima, swali hilo linatuhusu.

Wayahudi wa Kihasidi wana hoja ya ndani zaidi. Husimulia juu ya rabi mmoja wa Kalev, huko Hungaria, aliyemsikia mtoto mchungaji akiimba wimbo wa mapenzi. Rabi akaona kwamba mahadhi yale yalikuwa matakatifu yaliyopotea njia, akayanunua kwa mtoto yule. Mara tu alipolipa, rabi akawa anaujua wimbo na mchungaji akausahau kabisa.

Hadithi ni tamu, ila kwetu inakwama hapo pa kusahau. Mchungaji wetu hasahau. Kaswida ikianza, nusu ya ukumbi wanajua yule binti wa kwenye wimbo anaitwa nani, na midomo inacheza kwa maneno ya zamani. Anayeimba anamtaja Mtume, anayesikiliza yuko kwingine. Imam Ghazali katika Ihya amenukuu kauli kwamba kusikiliza hakuweki moyoni kisichokuwamo, bali huamsha kilichomo. Basi tujiulize mahadhi haya yanaamsha nini.

Atakayesema mahadhi ni hewa tupu, hayana kosa, nitamuuliza kama mtu wa Kigali. Nyimbo za Simon Bikindi zilipigwa na redio RTLM mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2008 kifungo cha miaka 15 kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti barabarani, si kwa kutunga nyimbo. Sawa, hiyo ni sheria. Lakini nani kati yetu angethubutu kuchukua mahadhi ya nyimbo zile, akatia salawati, akaimba Nyamirambo mbele ya mama aliyezisikia mwaka ule? Hakuna. Kwa hiyo sote tunajua kwamba sauti hutembea na waliofuatana nayo, hata maneno yakibadilishwa.

Lakini pia haiwi hivyo milele. Katika Bukhari na Muslim tunasoma kwamba siku ya Idi wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Bibi Aisha (r.a.) nyimbo za siku ya Buath. Buath ilikuwa vita ya Aus na Khazraj, ndugu kwa ndugu, miaka michache kabla ya Hijra. Sayyidna Abubakar (r.a.) alikemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kwani ni Idi. Ibn Is'haq naye, katika sira, anasimulia kwamba mtu mwenye chuki alimtuma kijana akae kati ya Aus na Khazraj awakumbushe Buath na kuwasomea mashairi yake, nao wakafikia kuitana kwenye silaha, mpaka Mtume alipowatokea wakatulia, wakalia na kukumbatiana. Vita ni vile vile na mashairi ni ya vita hivyo. Nyumbani kwa Aisha yalikuwa furaha ya watoto, barazani nusura yamwage damu.

Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana wetu kwamba mahadhi ya kuazima ni haramu, wala kwamba kuondoa gitaa kumemaliza kazi. Hukumu yangu, na masheikh watanisahihisha, ni kwamba jibu liko kwa wasikilizaji. Wimbo wa mwaka huu, ambao bado unapigwa kila kinyozi, auache. Wa babu zetu, ambao hakuna anayekumbuka maneno yake, una nafasi.

Tena kwa nini tuazime mbali? Wayahudi wa Abayudaya, karibu na Mbale nchini Uganda, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919 na ambao wanaishi jirani na Waislamu, huimba zaburi kwa Kiluganda kwa mahadhi ya nyumbani. Sisi tuna dufu na kaswida za Kiswahili tulizopokea kutoka pwani, na tuna ibihozo, bembelezo ambazo mama zetu walitulaza nazo. Sijawahi kusikia kaswida ya chuo chetu iliyojaribu hata moja ya hizo.