Vitu vya Marehemu Wetu

Swali limeletwa katika darasa letu, nalo lataka jawabu la wazi. Mzazi akifariki, nyumba na shamba hugawanywa kwa hisabu ya mirathi, na kadhi akihitajiwa huitwa. Lakini kofia ya viua aliyoivaa kila Ijumaa, kijaluba chake cha tambuu, na kikombe alichonywea kahawa, hivyo huchukuliwa na mkono uliotangulia kufika. Je, kuvishika vitu kama hivi na kuvililia ni udhaifu wa imani, au ni jambo lenye faida?

Wako wasemao kuwa ni udhaifu. Hao huvikusanya vyote siku ya tatu wakavitupa, wakidhani kwamba msiba umetoka pamoja navyo. Wako na wengine waliokifunga chumba cha marehemu, hakikaliwi wala hakifagiwi miaka nenda miaka rudi. Na baadhi yao huzitazama nguo zake kama hirizi. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea, na dalili yetu twaitoa katika sira ya Mtume wetu, S.A.W.

Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), watu wa Makka walileta fidia za mateka wao. Zainab, binti yake Mtume, alipeleka mali ya kumkomboa mumewe, Abul-As bin Rabii, na ndani ya mali ile mlikuwa na kidani alichopewa na mamaye, Bibi Khadija, alipoingia nyumbani kwa mumewe. Bibi Khadija alikuwa amekwisha fariki yapata miaka mitano. Mtume alipokiona kidani kile aliingiwa na huruma kubwa mbele ya watu. Walakini hakukitwaa. Aliwataka shauri masahaba, kwani haki ile ilikuwa yao, kwamba wakiridhia wamwachilie mateka na wamrudishie Zainab kilicho chake. Wakaridhia.

Basi huzuni si aibu, wala kitu kidogo kumkumbusha mtu mpenzi wake si upungufu wa dini. Lakini huzuni haikuivuka haki ya watu, na kidani kilirudi kwa mwenyewe.

Ama kuhusu tiba ya huzuni, tuna la kujifunza kwa jirani zetu wa Ziwani. Katika Osiri, na nchi yote ya Migori na Homa Bay, ukimwi uliua wazazi wengi kabla ya dawa kufika. Katika hospitali ya Homa Bay, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kuzitoa mwaka 2001. Mtoto huweza kuachiwa karai la baba la kuoshea dhahabu, au mtungi wa mama, asijue vilitoka wapi, wala wazazi wake walikufa kwa nini. Chombo kisicho na khabari ni bubu. Na mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia mwenyewe, na mara nyingi hujilaumu.

Huko Uganda, wanawake wenye virusi, katika chama chao cha NACWOLA kilichoundwa mwaka 1992, walishika njia ya vitabu vya kumbukumbu. Mama, angali hai, huketi na mwanawe akaandika mtoto alizaliwa wapi, babu zake ni nani, na ugonjwa wa mama ni upi. Picha hubandikwa humo. Afrika ya Kusini wako waliotumia sanduku: mtoto hulipamba kwa mkono wake, na huchagua mwenyewe cha kutia ndani.

Kinachoponya ni nini? Si karatasi wala mbao. Mkono unapochagua na kupanga, ulimi hufunguka, na jambo lililokuwa likizunguka moyoni hupata mahali pa kukaa. Mtu atasema kuwa kumwambia mtoto ukweli ni kumfikishia msiba kabla ya siku yake. Twamjibu kuwa asipoambiwa na mamaye ataambiwa na minong'ono ya majirani, naye hatakuwa na wa kumwuliza.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Kwanza, kitu cha marehemu, kikubwa au kidogo, ni mali ya warithi wote. Asikitwae mmoja bila ya ridhaa ya wenziwe, na yatima khasa asisahauliwe, kwa kuwa hana sauti ya kudai. Pili, kitu kitumike: kofia ivaliwe, kikombe kinywewe. Tatu, khabari yake itolewe na mwenyewe angali hai, maana hakuna kadhi awezaye kuigawanya baada yake.

Nawe msomaji, ikiwa mama yako yu hai, usingoje. Mwulize leo kijaluba kile alipewa na nani. Na jawabu likija na machozi, usiondoke; kaa umsikilize mpaka mwisho.