Siti Tupu ni Deni la Nani?

Matatu ya abiria 14 inayotoka Nakuru kwenda Gilgil, Molo au Nyahururu haina saa ya kuondoka. Ina idadi. Ikijaa, inatoka. Abiria wa kwanza huchagua dirisha, halafu hukaa hapo nusu saa, siku nyingine saa nzima, akiuziwa njugu, maji na chaja za simu. Wa kumi na nne huingia mguu mmoja na gari tayari linasonga. Nauli yao ni ileile, lakini tukipiga hesabu vizuri, haiko sawa. Wa kwanza amelipa pesa na saa yake. Wa mwisho amelipa pesa tu.

Nchini Luxembourg, deni hili wamelipanga vingine. Tangu 2020, basi, tramu na treni ni bure nchi nzima, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Hata mgeni aliyeshuka kwa ndege jana na begi lake mgongoni anapanda bila kuulizwa tiketi. Basi linaondoka kwa ratiba, hata kama ndani yuko dereva na abiria mmoja. Siti zilizobaki zimelipiwa na mtu ambaye pengine yuko kwake akinywa kahawa: mlipa kodi.

Utaniambia wale ni matajiri, tena wachache. Ni kweli. Nchi yote ile ingeingia ndani ya Kaunti ya Nakuru karibu mara tatu, na watu wake hawafiki hata nusu ya wale milioni 2 na zaidi waliohesabiwa hapa katika sensa ya 2019. Lakini tofauti si pesa peke yake. Mwaka 1973, Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalum, serikali ilitoa ruhusa, haikutoa ruzuku. Tangu hapo kila safari inajilisha yenyewe: mafuta, hesabu ya mwenye gari, ada za sacco, mkate wa makanga. Kwa hivyo makanga anayekuweka steji si mwizi wa muda wako. Anakuletea bili ambayo hakuna mwingine aliyekubali kuilipa.

Wapo watakaosema ratiba haina utu. Saa ikifika, basi la Ulaya linamwacha mama anayekimbia na mtoto mgongoni, na huku kwetu dereva atarudi nyuma kumchukua. Napenda sana jambo hilo, na sitaki tulipoteze. Ila tuwe wakweli. Dereva anarudi nyuma kwa sababu kuna siti. Mama huyohuyo akija gari likiwa limejaa, ataambiwa angoje ingine. Na wema huo ameutoa kwa muda wa watu kumi na watatu ambao hawakuulizwa.

Halafu, ni nani hasa anayengoja? Mwenye gari lake hangoji. Mwenye pesa ya teksi hangoji. Anayengoja ni kibarua wa mjengo ambaye akifika saa mbili na robo atakuta nafasi yake imeshachukuliwa. Ni mgonjwa wa kliniki aliyeamka saa kumi ili awahi foleni. Ni mama wa sokoni ambaye mboga zake zinanyauka kwenye gunia. Tukisema Kenya hatuwezi kulipa kodi ya siti tupu, tunajidanganya. Tunailipa kila siku. Ni vile tu inakusanywa pale steji, kutoka kwa wasio na njia nyingine.

Hadi hapo naweza kuvumilia, maana umaskini si kosa la makanga. Kinachonishinda ni uongo. Unachungulia ndani, unaona watu kumi, unaambiwa, "Wawili tu, boss, tutoke!" Unaketi. Baada ya dakika tano, kijana wa mbele anakumbuka kitu nje. Wa nyuma yake anapokea simu, anashuka. Mmoja mmoja wanaisha, wanahamia gari linalofuata, na wewe unabaki na siti tisa tupu. Najua kijana huyo analipwa kitu kidogo cha kukaa pale, na anakihitaji. Lakini hakunitoza gharama. Aliniondolea nafasi ya kuamua. Ningejua zimebaki tisa, labda ningempigia foreman mapema. Labda ningekunywa chai kwanza. Labda ningeingia hivyohivyo, nikijua ninachoingilia. Kungoja kwa hiari na kungoja kwa kudanganywa vinaweza kuchukua dakika zilezile, na bado visiwe kitu kimoja.

Kwa hivyo nina madai mawili. La kwanza ni la leo na halihitaji bajeti: mtu wa steji aseme siti zilizobaki, hata kama ni kumi na mbili. La pili ni la baadaye. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na jiji linaweza kuanza na safari chache tu, za alfajiri, za kupeleka watu hospitali na kazini, zinazotoka kwa saa hata zikiwa nusu tupu. Ningekubali kulipa kodi hiyo, hata kwa zile asubuhi ambazo mimi bado nimelala.