Kibali Baada ya Kosa

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi tumeletewa suala na kijana mmoja, karani katika kazi ya ujenzi hapa Mombasa, nasi tumeona si suala lake peke yake. Bwana amtumikiaye ajenga nyumba za ghorofa kando ya hori la Tudor. Kabla kibali hakijatoka, malori yalikwisha kumwaga kifusi usiku juu ya mikoko, na mfereji uliokuwa ukipitisha maji ya mvua kwenda baharini ukazibwa. Wakaguzi wakasimamisha kazi. Sasa yule bwana asema: "Nitatoa faini, nitachukua kibali, mambo yaishe." Karani auliza: Je, yatakuwa yamekwisha?

Sharia ya mazingira ya mwaka 1999 yataka madhara ya ujenzi yachunguzwe kabla ya jembe kupigwa. Kanuni za mwaka 2009 zahifadhi ardhi za majimaji, kingo za mito na ufuo wa bahari. Na sharia ya maji ya mwaka 2016 yataka ruhusa kwa atakaye kukausha kinamasi au kumimina uchafu majini. Wako wenzetu wasemao kuwa hizi ni karatasi za serikali tu, hazina mahusiano na dini. Wamekosa sana. Kibali ni swali waulizwalo majirani kabla ya kudhuriwa. Aombaye ruhusa baada ya kula chakula cha mwenziwe hakuomba ruhusa; ameomba msamaha, na msamaha una masharti yake.

Masharti hayo kila mtoto wa chuoni ayajua: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorejea, na ikiwa dhambi yahusu haki ya mja, kuirudisha haki kwa mwenyewe. Sasa tazama faini. Faini yaingia katika hazina, nayo ni adhabu ya kuvunja amri. Haikumrudishia mvuvi kamba wake, wala haikuyatoa maji katika nyumba ya mama yule akaaye nyuma ya ukuta mpya, ambaye mvua za masika zikinyesha choo chake hufurika na kisima chake hakinyweki.

Maana ile sehemu iitwayo "matope matupu" haikuwa tupu. Mkoko, mchu na mkandaa huzuia udongo usiende kuzika matumbawe. Mizizi yao ndiyo malezi ya samaki wachanga, kaa na kamba. Na wimbi la bamvua hufika pwani limevunjika nguvu. Ardhi hiyo hunywa mafuriko ya mji kama sifongo. Ukiijaza kifusi, maji hayatoweki. Yatatafuta nyumba ya mwingine.

Yule bwana aweza kujitetea: "Nimrudishie nani? Mahali pale hapakuwa na mwenyewe." Nasi twajibu kuwa walikuwapo wenyewe wengi mno. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliyahesabu maji katika vitu ambavyo watu wote ni washirika. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 70, yamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa ajili ya mazingira bila ya kulazimika kuonyesha kuwa yeye binafsi amepata hasara. Hizi ni lugha mbili za neno moja.

Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu tukisomacho miaka yote, ameeleza kuwa aliyenyang'anya ardhi na kuhamisha udongo wake hulazimishwa kuurudisha, au mfano wake, na kuisawazisha ardhi kama ilivyokuwa. Yeye alifariki mwaka 676 wa Hijra. Sharia ya mwaka 1999 nayo yaipa mamlaka ya mazingira nguvu ya kutoa amri ya kurejesha mahali katika hali yake ya kwanza, kadiri iwezekanavyo. Basi kifusi na kitolewe, mfereji ufunguliwe. Fedha ni kwa kile kisichorejesheka, kama vile Mahakama Kuu ilivyoamuru mwaka 2018 wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7 kwa ajili ya bandari mpya.

Wala asitudanganye mtu kwa miche. Huchukuliwa miche mia mbili, hupandwa mbele ya wapiga picha mahali ambapo maji hayafiki sawasawa, na baada ya miezi michache yote imekufa. Mkoko wataka maji kujaa na kupwa kwanza. Daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022 lilijengwa ili tuta la zamani liondolewe na maji ya hori mbili yakutane tena. Hiyo ndiyo njia, japo ina gharama.

Tumesikia pia kuwa bwana ameahidi kujenga msikiti katika kiwanja hicho hicho, na wazee wamekwisha kufukiza ubani na kula halua. Katika madhehebu yetu ya Shafii, swala katika ardhi ya kunyang'anya yasihi, lakini mwenye kuswali huko akijua apata dhambi. Ni hadiya gani hii, ya kuwapa Waislamu mahali pa kusujudu na dhambi pamoja?

Limebaki la karani. Ujira wa kazi ya halali aliyoifanya ni wake. Lakini ameamriwa aandike katika ripoti kwamba pale palikuwa kiwanja kikavu tangu zamani, na huo ni ushahidi wa uongo, akiuandika, ashiriki. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akihesabu malori yale usiku, moja moja, na daftari bado analo. Tumemwambia aje nalo Alhamisi, tukae naye kabla hajaitwa na wakaguzi.