Andika, Kisha Urudie



Ndugu zangu katika imani, Abdullah bin Amr bin Al-As (r.a.) aliandika kila alichosikia kwa Mtume (s.a.w.). Baadhi ya Makuraishi wakamkataza, wakidai Mtume ni binadamu, hukasirika na hufurahi. Akaacha, kisha akamweleza Mtume, naye akamwamrisha aandike. Abu Hurayra (r.a.), pamoja na hifdhi yake kubwa, alikiri kuwa Abdullah alimzidi hadithi kwa kuwa aliandika.

Sisi je? Muhula uliopita nilipiga picha ubao wa somo la Usul al-Fiqh kila kipindi. Usiku wa kuamkia mtihani nilizifungua, sikuweza kueleza hata moja. Nikamkumbuka mama anayeuza ndizi ili nilipiwe karo, nikaona haya. Karo ile ni amana.

Sasa nafanya hivi. Maneno ya Mtume Abdullah aliyaandika kama alivyoyasikia. Ya mhadhiri nayaandika kwa lugha yangu, ili nilazimike kuyaelewa. Nisipoelewa, naweka alama pembeni na kumuuliza kabla hajatoka. Baada ya Isha nafunika daftari, najieleza somo kwa sauti, kisha nafunua nione nilichosahau.

Na mwenzako aliyekosa kipindi kwa ugonjwa, usimnyime daftari. Elimu haipungui kwa kugawiwa.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.