Mvua, Bahari na Fadhila za Allah



 

Novemba 2023, katika darsa yetu ya baada ya Magharibi, ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza: redio inasema kila siku kwamba mvua hizi zinaletwa na El Niño, je, Muislamu akisema hivyo hajakufuru? Alikuwa amesoma hadithi ya Zaid bin Khalid al-Juhani, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuhusu asubuhi ya Hudaybiya baada ya usiku wa mvua. Mtume (S.A.W.) aliwaeleza maswahaba kuwa Allah amewagawa waja wake kwa mvua ile: anayesema imetokana na fadhila na rehema za Mola ni muumini, na anayeinasibisha na nyota fulani amemkanusha Mola na kuiamini nyota.

Nilijibu haraka. Nikasema ndiyo, tujiepushe na maneno hayo, na nikaongeza Surat Luqman aya ya 34, kwamba mambo ya mvua yako kwa Allah peke yake. Vijana wakaridhika, nami nikaridhika na nafsi yangu.

Wiki hiyo hiyo mama yangu mkubwa, anayekaa Gatumba, alinipigia simu. Mkuu wa mtaa wao amewaambia wenye uwezo wahamishe vitu mapema kwa kuwa mvua itazidi. "Wewe ndiye unayesoma dini, mwanangu. Unasemaje?" Nikamwambia hakuna ajuaye ghaibu, atulie, atawakali. Akatulia. Aprili 2024 maji ya Rusizi na ya Ziwa Tanganyika yalikutana sebuleni kwake. Alitoka na wajukuu wawili na mswala.

Tangu siku hiyo nimelirudia swali la yule ndugu, na leo nataka kulijibu upya.

Kwanza tujue hicho kinachoitwa El Niño ni kitu gani, maana nilikihukumu bila kukijua. Allah ameifanya bahari kuwa ghala la joto la jua. Mita tatu hivi za juu za bahari zinabeba joto linalokaribia kulingana na joto la anga lote lililo juu yetu. Ghala hilo halikai kimya. Kwa kawaida pepo za Bahari ya Pasifiki husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia. Kila baada ya miaka miwili hadi saba hivi pepo hizo hulegea, maji ya moto hurudi mashariki kuelekea Peru, na joto lililokuwa limefichwa chini hupanda hewani. Bahari yetu ya Hindi nayo ina mzunguko wake, ambao wataalamu wanauita daipoli: upande wa Afrika unapata joto kuliko kawaida na upande wa Sumatra unapoa. Hapo hewa hupanda kwetu na kushuka kule. Mwaka 2019 ilitokea kwa nguvu kubwa. Huku tukapata mafuriko, Australia wakapata ukame na moto. Mwaka 2023 mizunguko yote miwili ilikutana.

Joto linageukaje mvua? Ukimaliza kutawadha na upepo ukakupiga mikononi, unahisi baridi. Maji yale yanapokauka yanachukua joto la ngozi yako na kuondoka nalo. Bahari hufanya vivyo hivyo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapasha kutoka ubaridi wa barafu hadi yachemke. Joto hilo halipotei. Linasafiri ndani ya mvuke, na mvuke unapogeuka tena matone huko juu, linaachiwa, na ndilo linalolisukuma wingu lipande liwe kama mlima. Mvuke wa bahari ni nishati iliyofungwa safarini. Bahari ikizidi joto, mzigo unazidi, kwa sababu kila nyuzi moja ya joto inaiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7.

Sasa someni Surat Ar-Rum aya ya 48, jinsi Allah anavyoeleza kwamba anatuma pepo, pepo zinayatimua mawingu, kisha Yeye anayatandaza atakavyo mpaka uone mvua ikitoka ndani yake. Kumbe Qur'ani yenyewe imetaja upepo kabla ya wingu na wingu kabla ya mvua. Allah hakuona haya kutaja sababu. Mimi ndiye niliyeona haya kwa niaba yake, astaghfirullah.

Imamu Shafi, ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, aliizungumzia hadithi ile ya Hudaybiya katika kitabu chake Al-Umm. Alitofautisha baina ya anayeamini nyota ndiyo iliyonyesha na anayekusudia kwamba mvua imenyesha katika wakati wa nyota ile, kama mtu anavyosema imenyesha mwezi fulani. Huyu wa pili hakumkufurisha, ingawa yeye mwenyewe alipenda maneno mengine yatumike. Yule ndugu yetu alistahili jibu hili. Mimi nilimpa nusu ya hadithi na hukumu nzima.

Na ile aya ya Luqman? Mtabiri wa hali ya hewa hadai kujua ghaibu. Anapima joto la bahari lililopo leo na kusema dalili zinaelekea wapi, na anaweza kukosea. Mabaharia wetu wa pwani walingoja kaskazi iwalete na kusi iwarudishe; hakuna shekhe aliyewatoa katika Uislamu. Nyakati za swala zilizobandikwa mlangoni mwa msikiti wetu zimehesabiwa hadi Desemba, kwa dakika, na tunazifungulia saumu. (Na wale wanaotazama simu kujua kama itanyesha kabla ya mechi ya Jumamosi, tunajuana.)

Tarehe 4 Julai 2023 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa El Niño imeanza. Agosti kituo cha ICPAC, ambacho Burundi ni mwanachama wake, kikasema mvua za Oktoba hadi Desemba zitazidi kawaida sehemu kubwa ya kanda yetu. Kutoka Septemba hadi Aprili watu zaidi ya 200,000 nchini waliathirika. Tahadhari ilitufikia miezi kabla. Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipofikiwa na habari ya tauni ya Sham akiwa njiani, aligeuza msafara, na alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Hakusema atulie.

Hadithi ya Anas bin Malik (R.A.) nayo tuikumbuke. Mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) akiwa anahutubu, akalalamika ukame, Mtume akaomba, ikanyesha hadi Ijumaa ya pili. Akaja tena mtu kulalamika kwamba nyumba zinabomoka na mali inazama. Mtume hakumkemea kwa kuchoka na rehema. Aliomba mvua iwe pembezoni na si juu yao, iende vilimani, mabondeni na kwenye mizizi ya miti. Mvua ile ile, mahali pengine.

Mama mkubwa sasa amepanga chumba Buyenzi, mbali kidogo na maji. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Haya, mwanangu. Na mwaka huu bahari inasemaje?"